Kunyonyesha Mtandaoni: Dirisha Limefungwa, Mlango Uko Wazi

Nilikuwa nimeahidi sehemu ya pili ya ule mfululizo wa hifadhidata, na najua wapo wanaoingoja. Mtanisamehe, itabidi mngoje kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni na nikiendelea kulinyamazia sitaandika kingine chochote cha maana.

Jambo lenyewe ni picha za watoto mtandaoni, na hasa zile za akina mama wakinyonyesha. Kila moja inapotokea kwenye Facebook au kwenye stetasi ya WhatsApp, watu hugawanyika mara mbili. Kundi moja linasema, "Dada, jifunike." La pili linasema titi liliumbwa kwa kazi hiyo, asiyetaka kuona na aangalie kando. Wanarushiana maneno siku mbili tatu, kisha wanahamia kwenye siasa. Mimi nina msimamo wangu na nitausema sasa hivi ili usichoke kuutafuta: titi ni la mama, naye ni mtu mzima, aamue mwenyewe. Lakini uso, jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ni mali ya mtoto. Si ya mama, si ya baba, wala si ya shule. Kampuni zinazoendesha mitandao hii zilitumia miaka mingi kupambana na titi huku uso wa mtoto ukipita bila kuulizwa, na sisi watumiaji tukafuata mkumbo ule ule.

Tuanze na titi, maana ndilo lenye kelele.

Wengi mnaotumia Facebook leo hamkuwako enzi hizo, au mlikuwa bado shule ya msingi kama mimi. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilikuwa ikifuta picha za akina mama wanaonyonyesha na nyakati nyingine kuwatisha kwamba akaunti zao zitafungwa. Tarehe 27 Desemba 2008 akina mama wakaandamana kwa namna mpya: maelfu yao waliweka picha za kunyonyesha mahali pa picha zao za utambulisho, na wachache wakaenda kunyonyeshea nje ya ofisi za kampuni huko Palo Alto, California. Jibu walilopewa ni kwamba kunyonyesha hakukatazwi. Kinachokatazwa ni titi lililo wazi kabisa, yaani chuchu na ule weusi unaoizunguka. Sasa niambie: mtoto akiliachia titi ili apige chafya, na picha ikapigwa sekunde hiyo hiyo, mama amegeuka mhalifu?

Kanuni zililegezwa mwaka 2014, na Machi 2015 zikaandikwa waziwazi kwamba picha ya mama anayenyonyesha inaruhusiwa, vivyo hivyo picha ya makovu ya mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani. Instagram, ambayo ni ya kampuni ile ile, ikafuata Aprili 2015. Hesabu mwenyewe. Zaidi ya miaka sita ya mabishano ili mtoto kula chakula chake kusihesabiwe uchafu.

Lakini kanuni iliyoandikwa kwa maneno ni kitu kimoja, na programu inayoitekeleza ni kitu kingine. Hapa ndipo kazi yangu inaponiruhusu kusema kidogo. Programu ya kuchuja picha haijui mama ni nani. Inafundishwa kwa kuonyeshwa mamilioni ya picha ambazo watu wameziwekea lebo, "hii ni utupu, hii si utupu", kisha ikiletewa picha mpya inatoa namba, tuseme 0.87. Mtu fulani ofisini ameamua kwamba kuanzia 0.80 kwenda juu picha ifutwe. Basi. Hakuna hekima nyingine mle ndani. Mwezi Oktoba 2020 mtu mmoja huko Brazili aliweka Instagram picha za kufundisha dalili za saratani ya matiti, mwezi ambao dunia nzima hufanya kampeni hiyo, na mashine ikazifuta kwa sababu iliona chuchu. Kanuni za kampuni yenyewe ziliziruhusu! Bodi ya usimamizi ya kampuni iliamua kesi hiyo Januari 2021 ikasema kufutwa kulikuwa makosa.

Usiseme hilo ni kosa la nadra. Tuseme programu yako ni hodari sana, inakosea mara moja tu katika kila picha mia. Ukiipitishia picha milioni moja kwa siku, umewakosea watu elfu kumi kabla ya chakula cha jioni. Mwanafunzi wa takwimu mwaka wa kwanza angekwambia hivyo. Na mitandao hii haipokei milioni moja, inapokea mamilioni mengi.

Na makosa hayo hayaishii kwenye kufutiwa picha. Kuna kisa kilichoandikwa na gazeti la New York Times Agosti 2022 ambacho kila mzazi mwenye simu ya Android angepaswa kukijua. Baba mmoja wa San Francisco alikuwa na mtoto wa kiume aliyevimba sehemu za siri. Ilikuwa Februari 2021, wakati wa Korona, daktari anaonana na wagonjwa kwa video. Muuguzi akawaambia wazazi watume picha kabla ya kuonana na daktari. Picha zikapigwa, daktari akaziona, akaandika dawa, mtoto akapona. Lakini simu ilikuwa imewekwa ihifadhi kila picha kwenye akaunti ya Google yenyewe. Mashine ikaziona, ikaamua ni picha za unyanyasaji wa mtoto, na akaunti ikafungwa. Baba akapoteza barua pepe zake, picha za familia, majina ya watu wote aliowahifadhi, hata namba ya simu kwa kuwa nayo ilikuwa ya Google. Polisi wakachunguza wakaona hana kosa lolote. Google hawakumrudishia akaunti.

Kwa nini mashine ilimkamata? Kuna aina mbili za uchujaji na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kama PhotoDNA, iliyotengenezwa mwaka 2009 na Microsoft pamoja na chuo cha Dartmouth. Inaigeuza picha kuwa alama za namba, kama vile alama za vidole, kisha inazilinganisha na orodha ya picha za unyanyasaji ambazo tayari zinajulikana. Hiyo haiwezi kumkamata mama aliyepiga picha mpya ya mtoto wake akiogeshwa kwenye beseni, maana picha hiyo haimo katika orodha yoyote. Ya pili, ambayo Google walianza kuitumia mwaka 2018, inajaribu kutambua picha ambazo hazijawahi kuonekana na mtu. Kazi ni njema, maana kuna watoto wanaookolewa kwa njia hiyo, na sitaki mtu aseme nimeipinga. Lakini ndiyo hiyo hiyo yenye kubahatisha. Beseni na unyanyasaji vinaweza kupata namba zinazokaribiana.

Nafikiria jambo hili likimpata mama wa Kayole au Kisumu. Gmail yake ndiyo imeshika kila kitu, kuanzia ombi la kazi hadi njia ya kurudisha neno la siri la huduma nyingine. Atampigia nani simu? Ofisi gani ataenda kuketi kwenye benchi?

Na pale mashine inaposhindwa kuamua, picha hupelekwa kwa binadamu. Binadamu hao kwa miaka kadhaa walikuwa hapa hapa Nairobi, wameajiriwa na kampuni ya Sama kukagua yaliyomo kwenye Facebook kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, alikwenda mahakamani Nairobi kuwashtaki Sama na Meta kuhusu hali ya kazi, na mwaka uliofuata zaidi ya wakaguzi 180 wakafungua kesi yao. Sama ikaacha kazi hiyo ya ukaguzi 2023. Nalitaja hili kwa sababu tunapolalamika kwamba "Facebook imefuta picha yangu" huwa tunafikiri ni Mmarekani asiyejua mila zetu. Huenda alikuwa kijana aliyekaa nawe kwenye matatu asubuhi ile, amekwisha kuona mauaji na mateso tangu aingie kazini, na sasa ana sekunde chache za kuamua kama titi la Mama Baraka limefunikwa vya kutosha. Mfumo ulioupoteza muda wa mtu kama huyo kwa titi la mama umepangwa vibaya toka mwanzo.

Haya, wako watakaoniuliza: kwani ni lazima mama abandike picha akinyonyesha? Si lazima. Ila zina faida ambayo sisi wanaume ni wepesi kuidharau. Zamani msichana aliona kunyonyesha nyumbani kwao, kwa mama, kwa shangazi, kwa jirani. Akijifungua, nyanya yuko karibu wa kumwonyesha mtoto ashikwe vipi. Leo anajifungulia mjini, anaishi chumba kimoja Pipeline, nyanya yuko Vihiga. Anajifunza kwenye simu. Takwimu za afya za kitaifa zinasema watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 mwaka 2008-09, wakapanda hadi asilimia 61 mwaka 2014. Ni hatua kubwa hiyo! Lakini mwaka 2022 ilikuwa asilimia 60. Tumekwama pale pale miaka minane.

Upande wa pili wauza maziwa ya kopo hawajalala. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Aprili 2022 kuhusu namna kampuni hizo zinavyotumia mitandao ya kijamii. Akaunti zilizochunguzwa zilikuwa zikiweka matangazo kama 90 kwa siku na kuwafikia watu milioni 229, mara tatu ya waliofikiwa na habari za kunyonyesha kutoka kwa akaunti zisizo za kibiashara. Kenya ina sheria ya tangu 2012 inayodhibiti uuzaji na utangazaji wa maziwa hayo, lakini tangazo linalopita kwenye simu halipiti kwa mkaguzi wa afya wa kaunti. Kopo halina chuchu, kwa hiyo kichujio hakina shida nalo.

Na kabla hatujawacheka Wamarekani tukumbuke ya kwetu. Mei 2018 mama mmoja alifukuzwa kwenye mkahawa mjini Nairobi kwa kunyonyesha, akaeleza masaibu yake mtandaoni, na akina mama wakaandamana mjini tarehe 15 mwezi huo huo wakiwa na watoto wao. Hapo tayari tulikuwa na Sheria ya Afya ya 2017 inayomtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Ajabu ni kwamba yule yule bwana anayepanda matatu ya Kawangware, akaketi karibu na mama anayenyonyesha, wala asigeuze shingo, akifika nyumbani na kuona picha ya kitu kile kile anaandika "hamna haya siku hizi". Titi ni lile lile. Kilichobadilika ni yeye.

Ila nitampa haki yake katika jambo moja, na hili ni la kiufundi si la maadili. Jicho la abiria huishia stejini. Picha haiishi. Kunakili faili hakugharimu chochote, na aliyenakili hahitaji kukujulisha. Picha za kunyonyesha huchukuliwa na kupelekwa kwenye kurasa chafu na watu ambao mama hatawajua kamwe. Mama mwenye kulijua hilo na bado akasema "mimi nitaiweka, kuna mwenzangu atajifunza", basi amechagua kwa akili zake timamu, na mimi namvulia kofia. Asiyejua anastahili kuambiwa, kwa upole, na bila ya neno "jifunike".

Sasa twende kwa mtoto.

Itazame picha ya kunyonyesha kwa macho ya mtu anayekusanya data. Uso wa mtoto umezama kifuani. Unaona kisogo, sikio, labda kiganja. Hana sare, hana nembo, hana jina. Mtoto wa miezi mitatu kwa nyuma anafanana na watoto wote wa miezi mitatu. Kwa usalama wa mtoto, picha hii inayopigiwa kelele ni miongoni mwa zile zisizo na madhara makubwa! Kisha itazame ile ambayo hakuna aliyewahi kuilalamikia: mtoto wa PP2 siku ya kufuzu, amevaa joho dogo na kofia, uso mkavu unaotazama kamera, nyuma yake bango lenye jina la shule na mtaa, na chini mama ameandika majina yote matatu ya mtoto na "leo anatimiza miaka sita". Hiyo inapata mioyo mia mbili. Mimi nikiiona nahesabu: uso, jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, shule, mahali. Ni rekodi iliyokamilika, kila safu ya jedwali imejazwa. Bado sijagusa wale wanaobandika cheti cha kuzaliwa kwa furaha ya kukipata. (Wapo. Nimewaona.)

Nieleze kwa nini jambo hili limenikaa rohoni. Mwaka jana shule moja ya chekechea ilitupa kazi ya kuwatengenezea tovuti. Jina nitalihifadhi, na mambo kadhaa nimeyabadilisha. Walitaka ukurasa wa picha: kila darasa na albamu yake, kila picha na jina la mtoto. Picha zenyewe walizileta kwenye diski, faili zimepewa majina ya watoto na darasa. Ukiziweka hivyo kwenye seva, mtambo wa kutafuta unazisoma majina na kuzipanga, na baada ya wiki chache mtu yeyote anayeandika jina la mtoto anapata sura yake na shule yake. Nikamwambia mkurugenzi, mama wa makamo, mwalimu hasa wa enzi zile, kwamba siwezi kuziweka wazi namna hiyo.

"Kijana wangu," akanijibu, "wazazi wenyewe wanazibandika Facebook kila siku. Sisi ni nani tuzifiche?"

"Mwalimu, mzazi akibandika ni yeye na mwanawe. Shule ikibandika ni sheria."

Sikuwa namtisha bure. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na matumizi yenyewe yawe kwa manufaa ya mtoto. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nikamwonyesha. Mwalimu akavua miwani, akasoma mara mbili, akasema tuandike fomu.

Fomu zikapelekwa nyumbani. Nyingi zilirudi na sahihi, nadhani bila kusomwa. Chache zikarudi bila sahihi, na mwalimu akawaita wazazi hao ofisini kuwauliza kama kuna lililowaudhi. Mama mmoja akamweleza sababu yake. Alikuwa amehama mji kumkimbia mwanamume aliyekuwa akimpiga na aliyeapa kwamba atamchukua mtoto. Amebadilisha namba ya simu. Amewakataza ndugu zake kumtaja. Mtoto anasoma pale kwa utulivu, ana marafiki, anacheza. Picha moja yenye sare ile na uso ule ingefuta kazi yote aliyoifanya.

Mkurugenzi aliponisimulia hakuongeza neno. Tulitengeneza albamu zinazofunguka kwa neno la siri la kila mzazi, faili zikapewa majina ya herufi za kubahatisha, na ukurasa wa mbele ukabaki na picha ya bembea na maua. Ni mzuri pia. Lakini nimekuwa nikijiuliza: yule mama alipata fomu ya kukataa kwa sababu sheria inaigusa shule. Je, mzazi mwenzake aliyepiga picha siku ya michezo, mtoto wake akiwa katikati na yule mwingine pembeni, akaiweka kwenye stetasi? Sheria ile ile, kifungu cha 51, inaiacha nje shughuli ya mtu binafsi na ya nyumbani. Hakuna kamishna wa stetasi. Hapo tumebaki na adabu zetu tu.

Wengine husema picha ikileta shida utaifuta. Hebu sikiliza hii. Juni 2024 shirika la Human Rights Watch lilisema limekuta picha 170 za watoto wa Brazili ndani ya LAION-5B, mkusanyo wa viungo vya picha zaidi ya bilioni tano uliotumika kufundishia mitambo ya akili unde. Walikuwa wamekagua sehemu ndogo mno ya mkusanyo huo, chini ya asilimia 0.0001. Nyingine zilitoka kwenye kurasa za familia ambazo karibu hakuna mtu aliyezitembelea, na baadhi zilikuwa na jina la mtoto kwenye maelezo au kwenye anwani ya faili. Jina la faili! Lile lile nililobishania na mwalimu. Ukifuta picha yako baada ya mtambo kukwisha kufundishwa, umefuta ya kwako. Kilichojifunzwa hakijui kwamba umebadili nia.

Najua swali linalofuata. Sisi ni watu wa ukoo, mtoto ni wa wote, nyanya aliye kijijini na mjomba aliye Qatar watamwona vipi? Watumieni. Sijasema mtoto afungiwe kabatini. Picha iliyotumwa kwa nyanya ni ya nyanya. Tatizo ni kwamba nyanya naye ana stetasi siku hizi, na mjukuu ndiye fahari yake. Mei 2020 mahakama moja ya Uholanzi ilimwamuru nyanya aondoe picha za wajukuu wake Facebook na Pinterest baada ya binti yake kumshtaki, la sivyo alipe euro 50 kwa kila siku, hadi euro 1,000. Ufaransa nayo ilipitisha sheria Februari 2024 inayowataka wazazi wote wawili wailinde kwa pamoja haki ya mtoto juu ya picha yake, na hakimu anaweza kumkataza mmoja kuchapisha bila ridhaa ya mwenzake. Huku kwetu nyanya hashtakiwi, tutalaaniwa. Nyanya huambiwa, tena mapema na kwa heshima: "Nyanya, hii ni yako wewe peke yako, usiitoe kwa wengine." Dada yangu alimwambia hivyo mama mkwe wake na mama mkwe akaona amepewa kitu cha thamani kuliko wake wenza wa kanisani. Ameihifadhi vizuri kuliko benki.

Upande wa mitambo, fanya haya yanayowezekana leo. Kamera ya simu huandika ndani ya picha saa na, kama umeiruhusu, longitudo na latitudo za mahali uliposimama. Izime ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kamera. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo ukituma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama hati ili isipoteze ubora, yanakwenda yote, pamoja na ramani ya mlango wako. Daktari akitaka picha ya upele wa mtoto, zima kwanza uhifadhi wa moja kwa moja, tuma ile ya kutazamwa mara moja, kisha ifute kwenye simu na kwenye kapu la takataka. Na ukipenda kusherehekea siku ya kuzaliwa, sherehekea siku tatu baadaye bila kuandika majina matatu. Keki haitaharibika.

Kwa wenzangu waandishi wa programu nina ombi kubwa zaidi. Tunapoandika fomu ya kupakia picha, tunaweka ukaguzi wa ukubwa na wa aina ya faili, wengine siku hizi wanaunganisha huduma ya kutambua utupu kwa sababu mteja anaogopa titi. Mistari miwili zaidi ingeng'oa maelezo ya mahali. Mstari mmoja ungebadilisha jina la faili. Swali moja kwenye skrini, "Je, kuna mtoto wa mtu mwingine kwenye picha hii?", lingemfanya mtu asite. Ni kazi ya alasiri moja, na mteja hatalipa zaidi wala pungufu.

Mimi nimekwisha kuandika kiprogramu cha Python, kama mistari arobaini hivi, kinachopita kwenye folda nzima, kinang'oa maelezo yaliyofichwa na kuzipa faili majina mapya. Ndicho tulichokitumia kwa ile shule. Nitakipakia hapa Jumamosi, bure, mtu akitumie atakavyo. Wenye Windows mniandikie mapema maana nimekijaribu kwenye Linux tu. Hifadhidata sehemu ya pili itafuata wiki ijayo, Mungu akipenda na stima isipopotea.